Springi za Mbele Hazichaguliwi kwa Macho

Wasee, leo naongea vibaya kuhusu video yangu mwenyewe. Ile ya Land Cruiser ya Anko, mbele imeinuka kama mbuzi aliyepanda kichuguu. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mwaka huu, na ushauri uliokuwa ndani yake ulikuwa mbaya. Nimeiondoa. Najua kuna wale mmeshanunua springi kama zile, kwa hivyo someni hadi mwisho.

Gari yenyewe ni pikapu, HZJ75, ya miaka ya tisini, injini ya dizeli ya lita 4.2. Hizi 75 zina springi za majani mbele na nyuma, yaani vyuma virefu vilivyopindwa, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa pamoja katikati. Toyota ilibadilisha za mbele ikaweka koili mwaka 1999, lakini za zamani bado ziko kazini. Ya Anko hubeba unga, sukari na sabuni kutoka Kiserian hadi Magadi, halafu inaendelea Shompole. Na watu wanaopata lifti juu ya mzigo, kama kawaida.

Springi zake za mbele zilikuwa zimechoka. Anko akaniambia nitafute zingine, maanake mimi ndiye injinia wa familia. Injinia aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, lakini kwa Anko hiyo haijawahi kuwa shida. Nikaenda Kirinyaga Road, nikapata seti iliyotumika, majani manene, imepinda vizuri. Muuzaji akasema zimetoka kwa gari iliyokuwa na bampa ya chuma na winchi. Mimi nikasikia hiyo ni sifa. Akanipunguzia bei ndio nimtaje kwa video. Tukafunga, mbele ikapanda karibu sentimita 7, nikarekodi, mkaipenda.

Kilichofuata sikuwaonyesha.

Wiki ya tatu Anko alikuwa anashuka mteremko baada ya Magadi, kwa ile barabara yenye mikunjo kama mabati. Magurudumu ya mbele yakawa yanarukaruka. Akafika kona, akakata, gari ikakataa. Tairi ikiwa hewani, usukani ni pambo tu. Walitoka barabarani wakasimama kwenye migunga. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akavunjika mkono. Anko aliponipigia hakupandisha sauti. Alisema tu, "Kijana, uliniletea gari ya kutazamwa. Mimi nilitaka ya kazi."

Tulipoipeleka kwa fundi mmoja mzee Kiserian, hakuinama hata kuangalia. Alisimama mbele ya gari akauliza, "Hapa mbele mnabeba nini?"

Hatukuwa tunabeba kitu. Hakuna winchi, hakuna bampa ya chuma. Unga wote uko nyuma, na nyuma ndiko unakolalia.

"Basi hii springi inangoja mzigo ambao haujafika," akasema.

Hapo ndipo nilielewa. Ule urefu wote mliousifu ulikuwa uzito ambao gari haina. Wacha niwapigie hesabu, si ngumu.

Tulipeleka gari kwenye mizani ya malori pale machimbo ya mawe, tukapandisha magurudumu ya mbele peke yake. Kilo 1,080. Ondoa ekseli, magurudumu na breki, vitu ambavyo springi haibebi. Hizo tulikadiria kilo 240. Zinabaki 840, gawanya kwa mbili, kila springi ina kilo 420. Sasa tuseme springi inahitaji kilo 40 ili ishuke sentimita moja. Itashuka sentimita 10 na nusu, itulie hapo. Weka ngumu zaidi, ya kilo 60 kwa sentimita. Itashuka 7 tu. Mbele imebaki juu sentimita 3 na nusu, na wewe unaita hiyo nguvu.

Shida ni hii. Gurudumu likikuta shimo, springi inalisukuma chini kufuata ardhi, na inaweza kulisukuma takriban kile kiasi ilichokuwa imeshuka. Springi laini ina sentimita 10 za kufuata shimo. Ngumu ina 7. Baada ya hapo tairi inaning'inia. Ukizidisha hayo kwa barabara ya mabati na mwendo kidogo, unapata ile kona ya Anko.

Na ninachojionea haya zaidi ni kwamba haya nilisoma. Ugumu wa jani unaenda na unene wake mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Jani la milimita 8 lina ugumu wa zaidi ya majani mawili ya milimita 6 yenye upana na urefu sawa. Hiyo fomyula niliifanya kwa mtihani nikapita. Lakini dukani niliangalia majani manene nikaona "imara". Jani nene likipindwa sana huumia zaidi kuliko jembamba, ndio maana springi nzuri ya njia mbaya mara nyingi ni majani mengi membamba, marefu, si machache manene kama reli.

Mtaniambia, lakini msee, tunataka gari isiguse mawe chini. Sawa. Kwa gari yenye ekseli moja nzima inayotoka gurudumu hadi gurudumu, kitu kinachogusa mawe kwanza ni difu, na difu iko kwa ekseli. Springi iko kati ya ekseli na mwili. Inua mwili hata futi moja, difu haitapanda hata milimita. Inayoinua difu ni tairi kubwa peke yake. Springi ndefu inakupa nafasi ya kuweka hiyo tairi, na pua ya gari haigongi ukingo haraka. Hizo ni sababu halali. Kuonekana mnoma kwa foleni ya Ngong Road si mojawapo.

Halafu kuna wale wa njia ya mkato, wanaorefusha shakeli, kile kipande kinachoshika ncha ya springi na kuiacha icheze. Angalia uma wa mbele wa nduthi, umelala nyuma kidogo. Huo mlalo ndio unafanya usukani ujirudishe katikati. Gari nayo ina mlalo wake, na kwa gari nyingi za aina hii ukirefusha shakeli za mbele ekseli inazunguka na mlalo unapungua. Barabarani gari inaanza kutangatanga kama mlevi. Utaweka kabari kurekebisha, na hapo unainamisha difu, propela shafti inabaki kwa pembe mbaya. Unahamisha tu shida kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Kuongeza jani moja? Inasaidia kama kweli umeongeza mzigo. Kugongesha jani la zamani kwa nyundo hadi lipinde upya? Litakaa vizuri siku za kwanza, halafu litalala tena, kwa sababu chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo, si kwa nyundo.

Kwa hivyo ukitaka kununua za mbele, fanya hivi. Amua kwanza kitakachokaa mbele kila siku, si kile unachoota kununua ukipata doh. Kama ni bampa ya chuma na winchi, vifunge kabla ya kupima, kwa sababu uzito unaoning'inia mbele ya ekseli unaelemea springi kuliko kilo zake halisi. Pima magurudumu ya mbele peke yake. Peleka hiyo namba kwa muuzaji, muulize springi yake imetengenezewa kilo ngapi. Akikujibu kwa inchi za kuinua, rudia swali. Akirudia inchi, ondoka.

Siku ya kufunga, nunua yu-bolti mpya. Ndizo zinazobana ekseli kwa springi. Zikilegea, ile senta bolti ndogo inabaki kufanya kazi isiyo yake, ikikatika ekseli inahama. Zikaze tena baada ya kilomita mia chache. Hakikisha paipu za breki zinafika gurudumu likining'inia hadi mwisho. Na shoki ziwe na urefu unaolingana na springi.

Najua mtanitajia Rhino Charge. Hata mimi naipenda. Lakini zile gari hushindana siku moja, zimejengwa kwa siku hiyo, na waliomo ndani wamefungwa mikanda na kuvaa helmeti. Nyuma ya pikapu ya Anko kuna mama ameketi juu ya gunia la unga.

Sisi watu wa video tunauza urefu kwa sababu urefu unaonekana kwa picha. Gurudumu linalofuata shimo polepole halina mtu wa kulipigia makofi. Mimi nililipwa kwa punguzo la bei, na mkono wa mtu mwingine ukalipa iliyobaki. Bili ya hospitali tunagawana na Anko, na nimebaki na miezi miwili.

Gari sasa ina majani membamba, mbele imeshuka, haina sura ya kutisha mtu. Jumamosi iliyopita nilishuka nayo hadi Shompole nikiwa nyuma, juu ya magunia, pale yule mama alipoketi. Ile kona tuliipita. Kama bado una zile springi za video yangu na mbele hubebi kitu, zitoe.