Atichoki: anza na miche kumi, sio ekari

Vijana wenzangu, juzi kijana mmoja kaja ofisini anataka kukopa alime ekari nzima ya atichoki. Kaona bei mtandaoni. Nikamwambia hapana, panda miche kumi nyuma ya nyumba kwanza.

Zao hili ni ndugu wa alizeti, lakini kiangazi chetu cha Mpwapwa halikiwezi bila maji. Nafasi mita moja kwa moja, samadi ya kutosha, matandazo ya nyasi. Kata tumba kabla halijafunguka, likichanua limeshakuwa gumu. Chemsha kama dakika 40, ule kitako chake na nyama ya chini ya magamba.

Familia ikilipenda na ukapata hoteli ya kununua, hapo ongeza. Mnunuzi kwanza, ekari baadaye. Mkopo haulipwi kwa picha za mtandaoni.