Mkanda wa Mills haushonwi

Waliokulia kwenye majumba ya sinema ya Empire na Avalon, Dar es Salaam, wanamjua steringi wa filamu za kikauboi: kofia pana, bastola nyongani, mkanda wa ngozi uliojaa risasi kiunoni. Ngozi, kila mara ngozi. Hata leo Mmarekani anayetaka kujivika kama mpanda farasi wa miaka ya 1880, kwa maigizo au kwa mashindano ya kulenga shabaha, hupata mkanda wa ngozi bila kutoka jasho. Akitaka wa kufuma, ndipo kazi inapoanza.

Ajabu ni kwamba huo wa kufuma ndio uliojaa viunoni mwa askari wa nyika za magharibi wakati huo. Kisa chake ni kutu. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hubaki na asidi, na asidi hiyo ikigusa shaba ya ganda la risasi huzaa kutu ya kijani. Ganda hung'ang'ania kitanzini. Likilazimishwa kuingia kwenye bunduki, hukwama humo. Kamanda Custer wa jeshi la Marekani na watu wake walipouawa katika pigano la Little Bighorn, Juni 1876, habari za maganda yaliyokwama kwenye bunduki zilizidi kuwaumiza vichwa wakubwa wa jeshi, ingawa ulaini wa shaba yenyewe nao ulichangia. Mwaka huohuo karakana ya jeshi ya Watervliet, New York, ilitoa mkanda wa ngozi uliofunikwa kwa turubai. Dawa nusu.

Dawa kamili ilitoka kwa Anson Mills, ofisa wa kikosi cha wapanda farasi ambaye ndiye aliyechora ramani ya mji wa El Paso. Alikuwa na hati ya ubunifu wa mkanda wa vitanzi tangu 1867, lakini ushindi wake ulikuwa mtambo. Akiwa na mshirika wake Orndorff, alifanikisha huko Worcester, Massachusetts, ufumaji wa mkanda na vitanzi vyake kwa pamoja, uzi kwa uzi, bila mshono. Ulimfanya tajiri, na jina lake likafika hadi London, ambako kampuni ya Mills ilitengeneza mikanda ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1908.

Sasa tazama nyingi kati ya nakala zinazouzwa: utepe wa turubai, juu yake vitanzi vilivyopigwa cherehani. Kwa mbali, kwenye picha, sawa. Shika mkononi: nyuma kuna safu ya mishono, na mshono ndicho kitu chenyewe alichokiondoa Mills. Kuuita huo nakala ya Mills ni kuuza kanga ya mchoro wa kubandika kwa bei ya iliyochapwa.

Mwenye bastola ana tabu ya pili. Mikanda mingi ya jeshi ilifumwa kwa ajili ya risasi za bunduki ya .45-70, zenye ganda la karibu milimita 53. Ganda la risasi ya bastola ya Colt ya .45 lina kama milimita 33, tena ni jembamba kidogo. Ndani ya kitanzi cha kaka yake hupwaya, na farasi akikimbia huchomoka na kupotea majanini. Muuzaji asiyetaja kipimo cha kitanzi hajui anachouza, au anajua na ananyamaza.

Watengenezaji hujitetea kwamba mtambo wa namna ile ni ghali na wateja ni wachache. Ni kweli, na hakuna anayewalazimisha kuununua. Waandike tu kwenye bidhaa: vitanzi vimeshonwa.

Mnunuzi naye, kabla ya kutoa pesa, aombe picha ya mgongo wa mkanda, si ya bizimu inayong'aa, na aulize vitanzi ni vya risasi gani.