MUVI YA KRISMASI SIYO ADUI WA BINTI YAKO (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, nimekaa, sasa tuongee.

Juzi niliandika kwamba sikukuu hii mimi na wanangu tutaangalia muvi ya mapenzi ya Krismasi, wote sebuleni. Inbox ikajaa. "Nesi unawafundisha watoto uhuni." "Nesi, mambo ya mapenzi hayaangaliwi na watoto." Sawa. Leo najibu.

Naanza na swali. Usiku wa tarehe 25, kama binti yako hayuko sebuleni kwako, yuko wapi? Tusidanganyane. Hapa Mbinga mjini yuko kibanda umiza, au anazunguka na wenzie. Kule ziwani, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, yuko ufukweni kwenye muziki mpaka usiku wa manane. Wewe umechoka na jiko tangu alfajiri, baba yuko kwenye ulanzi. Halafu unaniambia unamlinda asione watu wakibusiana kwenye runinga?

Mimi niko wodi ya wazazi. Hesabu miezi tisa kutoka Desemba, unafika Septemba. Nawapokea mimi hao wa Septemba. Miaka 15, miaka 16, nyonga bado haijakomaa vizuri, uchungu unakuwa mrefu, presha inapanda. Namuuliza taratibu, "Mama aliwahi kukaa na wewe mkaongea haya mambo?" Anatikisa kichwa. Na mama yuko nje kwenye benchi analia, "Nesi, sikujua hata kama ana mtu."

Msiniambie sheria ipo. Ipo, najua. Tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, jambo jema sana. Lakini vyote hivyo vinakuja tumbo likishaonekana. Mimi naongelea kabla.

Sasa hiyo muvi mnayoiogopa ina nini? Chukua A Christmas Prince ya 2017. Mwandishi wa habari kutoka New York anatumwa nchi ya kubuni inaitwa Aldovia, anajifanya mwalimu wa binti mdogo wa kifalme, anaishia kupendana na mwana mfalme. Theluji, kasri, mti wa Krismasi, basi. Kwenye simu ya mwanao kuna makubwa kuliko hayo, na huko anaangalia peke yake.

Uzuri wa muvi nyepesi ni kwamba inakufungulia mdomo. Mapenzi ya siku chache tayari ndoa! Hapo unacheka, unamgeukia binti: "Hivi mwanangu, mtu umemjua wiki moja, utamwamini?" Dada kadanganya jina na kazi yake. Muulize, "Na kijana akikudanganya umri, utamjuaje?" Mwana mfalme ana kasri. Kijana wa huku ana pikipiki ya mkopo na chipsi za buku mbili. Mwambie hivyohivyo, mcheke wote. Jambo ambalo ungelisema kwa ukali akakimbia, hapo atalisikia huku anatafuna karanga.

Na wa kiume naye akae! Mnawaita mabinti tu kwenye mazungumzo, kana kwamba mimba zinaingia zenyewe. Kijana ajifunze kwamba msichana akisema hapana, ni hapana.

Nakubali jambo moja: siyo kila muvi inafaa. Hizi zilizotafsiriwa, wakati mwingine DJ anachomekea matusi yake ambayo hayamo kabisa. Kwa hiyo itazame wewe kwanza, mtoto akiwa amelala. Ni saa moja na nusu tu. Muda wa kusuka nywele za sikukuu unaupata, na huu utaupata.

Kama huna runinga, nenda kwa jirani na wanao, au tumia simu, mbanane kitandani. Umeme ukikatika katikati, afadhali zaidi. Endeleeni na stori gizani. Mimi na wangu maongezi mazito tumeyafanya gizani, hakuna anayeona aibu ya mwenzie.

Baba, ulanzi hauishi. Jioni moja tu rudi mapema.

Sitaki kumpokea binti yako Septemba. Nakupenda, lakini sitaki.

Sehemu ya 4 kesho kutwa: ni maneno gani umwambie binti akivunja ungo. Usiku mwema.