Tuulize Kwanza, Ndipo Tuchomeke

Langu leo ni ombi moja tu: kabla ya kuchomeka waya wowote, tuulize ni waya wa nini.

Kenya ilipounganishwa kikamilifu na intaneti mwaka wa 1995, hapakuwa na waifai. Mtu alipitia laini ya Shirika la Posta na Simu, na modemu ndiyo iliyopiga hiyo simu. Mjomba wangu wa Kangemi hutusimulia jinsi ilivyolia kama redio inayotafuta stesheni. Kipakatalishi kuukuu alichonunua mjini kilikuwa na modemu ndani, nami nilitamani sana kusikia mlio huo.

Likizo ya Aprili nilimsindikiza ofisini mwake katikati ya jiji. Alipotoka kidogo, nikachomoa waya wa simu ya mezani nikauchomeka kwenye kipakatalishi. Uliingia bila shida, nikadhani basi mambo ni sawa. Kumbe wapi! Hakikulia kitu. Modemu ilikuwa imeungua.

Fundi alitueleza kuwa laini ya simu ya nyumbani huwa na umeme wa volti 48 hivi, na modemu imetengenezwa kuustahimili. Lakini simu za ofisi mara nyingi huungwa kwenye swichibodi ya kidijitali, ambayo umeme wake waweza kuizidi modemu nguvu. Plagi ni ile ile, umeme ni mwingine. Tena mvua ya radi ikianza, waya wa simu uchomolewe, manake radi hupitia huko pia.

Mjomba alimlaumu aliyemuuzia. Mimi nikanyamaza siku mbili nzima kabla ya kusema ukweli, na hilo laniuma kuliko hiyo modemu.

Wengine watasema, siku hizi nani ana haja ya modemu na bando tunanunua kwa simu? Sawa, lakini tabia haijabadilika. Si tunaazimana chaja za vipakatalishi bila kusoma volti, mradi plagi imeingia?

Mimi naonelea kila soketi shuleni na ofisini iandikwe ni ya nini. Nasi wanafunzi tuache kuona haya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Siku ile swali moja tu kwa mjomba lingetosha, na mtu asiye na hatia hangelaumiwa kwa ajili yangu.