Mwanasheria Mkuu Anapochaguliwa kwa Kura: Funzo la Minnesota



Familia nyingi za visiwani kwetu zina jamaa walioko Marekani, na habari za uchaguzi wa huko hutufikia haraka kupitia simu. Mara nyingi habari huja kwa ufupi: "Muislamu kashinda." Tunafurahi, tunawatumia wengine, kisha tunasahau kuuliza: kashinda cheo gani, cheo hicho kina kazi gani, na wale waliompa kura wanamdai nini? Tumeona tulitazame hili kupitia kiti kimoja, cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota, ambacho kinarudi tena kwa wapiga kura tarehe 3 Novemba 2026.

Kwanza tufahamu utaratibu wao. Marekani ina Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu, ambaye Rais humteua na Baraza la Seneti kumthibitisha. Mbali na huyo, kila jimbo lina wake. Katika majimbo 43 kati ya 50, wananchi wenyewe ndio wanaomchagua. Katika majimbo 5 huteuliwa na gavana, Maine huchaguliwa na baraza la kutunga sheria, na Tennessee huteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo.

Minnesota ni katika yale 43. Mwaka 2018 wapiga kura wake walimchagua Keith Ellison, mtu aliyesilimu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 2006 alikuwa Muislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani, na kwenye sherehe ya kiapo alishika nakala ya tarjama ya Qur-aan iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson, mmoja wa marais wa mwanzo wa nchi hiyo. Kwa ushindi wa 2018 akawa Muislamu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za jimbo zima. Na Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kabisa ya Wasomali nchini Marekani, kwa hiyo Waislamu wa huko si wageni wa kupita.

Kazi ya cheo hiki si ile ambayo wengi wanaidhania. Mashtaka mengi ya jinai Minnesota hufunguliwa na waendesha mashtaka wa wilaya. Mwanasheria Mkuu huitetea serikali ya jimbo mahakamani, huyashitaki makampuni yanayowadhulumu wateja, na husimamia taasisi za hisani. Kesi ya jinai humfikia pale wilaya inapomuomba msaada au gavana anapomkabidhi.

Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya George Floyd, aliyeuliwa na askari polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Siku chache baadaye gavana aliikabidhi kesi kwa ofisi ya Ellison. Tarehe 20 Aprili 2021 askari Derek Chauvin alitiwa hatiani kwa mashtaka yote matatu, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Mnyonge alipata mtu wa kumsimamia mbele ya mwenye silaha na sare ya serikali. Hilo ni jambo ambalo kila mpenda haki analifurahia, awe wa dini yoyote.

Pamoja na hayo, mwaka uliofuata Ellison alikaribia kushindwa. Mwaka 2022 alimzidi mpinzani wake wa chama cha Republican, Jim Schultz, kwa kura kama 21,000 tu kati ya karibu milioni 2.5. Schultz alizungumzia zaidi uhalifu, na watu walikuwa na khofu ya kweli. Hapa tunaiona kasoro ya kwanza ya kumchagua mwanasheria kwa kura: kampeni huendeshwa kwa lile linalowagusa watu siku hiyo, hata kama sehemu kubwa ya jambo hilo haimo mikononi mwa cheo kinachogombewa.

Ipo na kasoro ya pili, na hii inatuhusu zaidi sisi Waislamu. Mgombea huja na chama chake na msimamo wa chama chake. Julai 2022 mahakama ya jimbo ilipoondoa baadhi ya masharti ya utoaji mimba, Ellison alitangaza kuwa hatokata rufaa, na suala hilo likawa sehemu ya kampeni yake. Waislamu wengi hawakubaliani naye katika hilo, na wana haki ya kutokubaliana naye. Jina la Kiislamu la kiongozi halikifanyi kila anachokiamua kuwa ni dini, wala uamuzi wake usiotupendeza haufuti uadilifu alioutenda kwingine. Kila tendo litazamwe kwa mizani yake.

Mtihani mzito zaidi ni wa jamaa. Mwezi wa Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu walifungua kesi ya wizi wa fedha zilizotengwa kuwalisha watoto wakati wa Covid, kupitia taasisi iliyoitwa Feeding Our Future. Walioshitakiwa hatimaye walizidi 70. Mwanzilishi wa taasisi hiyo hakuwa Msomali, lakini wengi wa washitakiwa walikuwa na asili ya Kisomali. Mwaka 2025 ikatolewa hadharani sauti ya kikao cha Disemba 2021, ambapo Ellison alikutana na wafanyabiashara waliolalamika kuwa idara za serikali zinawabana. Baadhi yao baadaye walitiwa hatiani. Wapinzani wake walimlaumu. Yeye alijibu kuwa alikutana nao kwa nia njema na hakuwafanyia lolote.

Hatuna haja ya kumhukumu mtu hapa. Tunachotaka kiangaliwe ni uzito wa kiti chenyewe. Anayechaguliwa kwa kura huwa na deni kwa waliompa kura, na waliompa kura hubisha hodi kwake. Allaah Ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na tunakijua kisa cha mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzuum aliyeiba, watu wake wakamtuma Usaamah amuombee kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Mtume alikasirika, akabainisha kuwa hata binti yake asingesamehewa. Chakula cha watoto ni amana, na jina la Uislamu halimkingi aliyeila.

Je, kuteuliwa ndiyo dawa? Kwetu Zanzibar Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais. Oktoba 2014 Rais alitengua uteuzi wa Othman Masoud Othman, siku chache baada ya Othman kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara katika Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma. Basi wa kuchaguliwa humuogopa mpiga kura, na wa kuteuliwa humtazama aliyemteua. Utaratibu unaweza kupunguza khofu hiyo, lakini hauwezi kuweka taqwa moyoni mwa mtu.

Ama suala la Waislamu walioko huko kupiga kura, wanazuoni wamekhitilafiana, na wapo walioruhusu kwa lengo la kuleta maslahi na kupunguza dhulma. Anayefuata rai hiyo asitosheke na jina la mgombea. Aangalie: je, amewahi kumsimamia mnyonge dhidi ya mwenye nguvu? Je, anaweza kuwaambia "hapana" watu wake mwenyewe? Je, analolihubiri kwenye kampeni limo katika kazi ya cheo anachokiomba?

Na sisi tuliobaki visiwani, inapotufikia tena habari kuwa "Muislamu kashinda", tumuombee du'aa, kwani amebebeshwa mzigo mzito. Tusingoje awafiche jamaa zetu. Tungoje awatendee haki watu wote, na ndugu zetu wakiwemo, wanapodhulumiwa na wanapodhulumu.

Wa Allaahu A'lam.