Kuti na Pakacha

Muhula huu niliulizwa darasani rutili ni nini. Nikajibu mbio: "Ni oksidi ya titani, atomi moja ya titani kwa mbili za oksijeni." Nikapata alama yangu, nikakaa kwa furaha. Baadaye nikafahamu kuwa anatasi nayo ni hivyo hivyo, wala si rutili. Basi alama ile nilipewa bure.

Tofauti yao ni mpango wa atomi. Sisi wa Mkoani jambo hili lisitushinde, maana jani la mnazi ukilisuka hivi hupata kuti la kuezekea, na ukilisuka vingine hupata pakacha la kuchukulia embe. Nani ataezeka nyumba kwa mapakacha? Katika fuwele zote mbili kila atomi ya titani imezungukwa na sita za oksijeni. Lakini katika rutili kila fungu hushikana na mafungu jirani kwa kingo mbili, na katika anatasi kwa kingo nne.

Yatuhusu nini? Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kuwa fuwele ya rutili iliyomulikwa ndani ya maji husaidia kuyapasua yawe haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni moto usio na moshi. Ikiungua hurudi kuwa maji. Rutili hunasa mwanga zaidi kidogo, lakini mara nyingi anatasi hufanya kazi vizuri zaidi, kwani nguvu iliyonaswa haipotei upesi. Zote zina ila moja: hutumia khasa mwanga wa urujuanimno, ambao ni kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za nguvu ya jua. Kazi bado ipo.

Tena rutili haiko mbali. Tangu 2013 hadi mwisho wa 2024 ilichimbwa katika mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ikapakiwa melini Likoni kwenda ng'ambo. Nasi Pemba jua tunalo na bahari imetuzunguka, bali tangu 2010 umeme watujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga.

Rai yangu ni kuwa tusikariri fomula peke yake. Tuanze na maji ya bahari katika sahani, tuyaanike juani, kisha tutazame fuwele za chumvi kwa kioo cha kukuzia. Wenzangu watasema mtihani hauulizi hayo. Ni kweli. Lakini ajuaye jina la mchanga tu, hapana shaka atabaki mpakizi wa mchanga.