Meneja Mpya, Pesa ya Kazi Isilale kwa Laini Yako

Ijumaa moja jioni nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu nitasimamia watu wa mauzo kutoka Litein hadi Bomet mjini. Nilikuwa na miaka 24, digrii ya masoko, na hamu kubwa ya kuitwa bosi. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba Jumatatu hiyo, saa moja asubuhi, shilingi 18,000 za matumizi ya wiki zingeingia kwa laini yangu mwenyewe. Laini ile ile ninayonunulia mboga. Laini ile ile iliyokuwa na deni la mkopo wa simu.

Mkopo haukuuliza hii pesa ni ya nani. Ulikata 2,350 papo hapo. Nilibaki nikitazama ujumbe kama mtu aliyeibiwa, kumbe mwizi nilikuwa mimi mwenyewe wa wiki iliyopita.

Katika timu yangu kulikuwa na mzee mmoja aliyemzidi baba yangu umri. Anajua kila duka kutoka Kapkatet hadi Silibwet. Alinisalimia vizuri, akaniita Madam mbele ya vijana, kisha akauliza, "Madam, ya mafuta bado?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Aliniangalia tu. Alikuwa ametoka kununua maandazi kwa simu dakika mbili zilizopita, kwa hivyo alijua mtandao hauna shida yoyote.

Wiki hiyo, nilipomwomba risiti ya mafuta ya shilingi 600, alinijibu polepole: "Na yako iko wapi, msichana wangu?" Sikuwa Madam tena.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na niko tayari kubishana na yeyote juu yake. Meneja mpya hapotezi heshima kwa sababu ni mdogo wa umri, au ni mwanamke, au ana sauti ndogo. Anaipoteza pale pesa ya kazi inapopita mahali ambapo yeye peke yake anaona.

Kama unadhani natia chumvi, tazama kituo cha kununulia majani ya chai. Huku kwetu wakulima wadogo wa KTDA wamekuwa na utaratibu wa kupeleka majani vituoni tangu miaka ya 1960. Karani anayepima mara nyingi ni kijana. Mbele yake kuna kina mama waliochuma tangu alfajiri, na wazee waliopanda chai yao kabla hajazaliwa. Na wanamkubali. Kwa nini? Kwa sababu mzani uko wazi, namba inasomwa kila mtu akisikia, na mkulima anaenda nyumbani na risiti yake. Kilo moja ikipotea inamuumiza mara mbili: kwenye malipo ya mwezi, halafu tena kwenye bonasi baada ya mwaka wa chai kufungwa mwezi Juni. Siku mzani ukitiliwa shaka, hakuna salamu wala cheo kitakachomwokoa karani huyo.

Meneja mpya ni karani wa majani. Simu yako ndiyo mzani. Uweke wazi.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Kwanza, nilimwandikia mhasibu kuomba laini ya kazi iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Ilichukua wiki tatu. Wakati nangoja, nilinunua laini nyingine isiyo na mkopo wowote na nikaitumia kwa kazi tu. Kama hata hilo haliwezekani kwako, lipa deni la simu kabla ya pesa ya kazi kuingia, na usikope kwa laini hiyo tena. PIN ni yako peke yako, hata siku ukiwa mgonjwa. Anayetaka kukusaidia apewe ruhusa rasmi, asipewe namba ya siri.

Pili, mafuta yanalipwa kwa till ya petroli pale pale inapowezekana, badala ya kumtumia mtu pesa. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea. Hapo mfanyakazi hakatwi ada ya kutoa pesa kwa wakala, nawe unabaki na ujumbe wenye jina la biashara, tarehe na kiasi. Ikibidi umtumie mtu, ongeza ada ya kutoa. Ukimtumia mtu 600 kamili na akakatwa akitoa, umemfanya achangie kazi ya kampuni kutoka mfukoni mwake. Ataudhika, na ana haki.

Tatu, ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa ilitoka. Hausemi ilienda kufanya nini. Jioni hiyo hiyo andika kwenye daftari: nani, wapi, kwa nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na kama kampuni yako inalipa kodi, jua kwamba tangu 1 Januari 2024 gharama nyingi za biashara zinahitaji ankara ya eTIMS ndipo KRA izikubali. Ujumbe wa simu pekee hautoshi. Mhasibu akikusumbua na risiti, hakuchukii.

Nne, na hili ndilo gumu. Kati ya Julai na Septemba, huku kwetu kila mtu anangoja bonasi. Karo inadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na wewe bosi mpya unaonekana una pesa kwa simu. Mtu atakuvuta kando: "Nisaidie na elfu mbili, bonasi ya mama ikiingia nitarudisha." Ukiweza, msaidie, lakini kutoka kwa mshahara wako na kwa laini yako. Ukimpa pesa ya kazi, umempa kitu kisicho chako, na kesho hutaweza kumwambia amechelewa kazini. Vile vile, ukimtumia mafuta mapema yule anayekuchekea na kumchelewesha yule anayekupinga, umeanza kununua heshima kwa pesa ya mwajiri. Heshima ya aina hiyo inaisha salio likiisha.

Najua watu watasema kumdai mzee risiti ni kumkosea adabu. Mimi naona kinyume. Ukimwacha mzee bila risiti kwa sababu ya umri wake, siku hesabu zikikosa kutimia yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, na hana cha kujitetea. Risiti inamlinda. Ila huwezi kumdai yeye kama wewe mwenyewe hutoi. Hapo ndipo nilipokosea, na hapo ndipo mzee alinishika.

Mwisho wa mwezi nilirudisha 2,350 kutoka kwa mshahara. Ijumaa tulikutana Kaplong kwa chai, nikawaeleza timu kila kitu: mkopo, makato, na ule uongo wa mtandao. Mikono ilikuwa inatetemeka, siwafichi. Nikaweka daftari mezani, ukurasa wa kwanza ukiwa na matumizi yangu mwenyewe pamoja na nauli yangu ya matatu. Nikasema kuanzia leo litakuwa hapa kila Ijumaa, anayetaka kusoma asome.

Mzee hakusema neno. Alivuta daftari, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari huku chai yake ikipoa. Kisha akalirudisha. Jumatatu iliyofuata alinikabidhi risiti tatu alizokuwa amezikunja ndani ya kofia yake. "Madam," akasema, "ya Sotik imelowa mvua kidogo, lakini inasomeka."

Kama umepewa timu mwezi huu, fanya kitu kimoja kabla ya Jumatatu. Fungua taarifa ya miamala yako ya siku 30 zilizopita na upige mstari chini ya kila shilingi ya kazi. Ukishindwa kutofautisha yako na ya kampuni, basi hata timu yako haiwezi, na usishangae wakikutilia shaka.